Sheria za Serikali na Kinga ya Magonjwa ya Kudumu: Kamati za Sharika Zifahamu Nini?



Katika vikao vya kamati za diakonia na afya upande wa Sengerema, kuna swali moja ambalo hujirudia kila mara. Wajumbe huuliza: kwa nini ofisi ya miradi itumie muda na fedha kufuatilia sheria na sheria ndogo, wakati zahanati inahitaji dawa za presha na vipimo vya sukari? Wabia wetu wa ng'ambo nao wameuliza jambo hilo hilo kwa namna yao: je, kazi ya kanisa si kuhubiri na kuhudumia wagonjwa, na mambo ya sheria kuwaachia wanasiasa?

Swali ni la haki. Fedha tulizonazo ni sadaka za watu, wengine wakulima wa pamba na mihogo, wengine wastaafu katika sharika rafiki. Kila shilingi inayokwenda kwenye kikao ni shilingi ambayo haikununua kidonge. Kwa hiyo katika makala hii tunaeleza jinsi sheria inavyoweza kuzuia ugonjwa, mahali ambapo imefanya hivyo, mahali ambapo imeshindwa, na nini kamati ya usharika inaweza kufanya bila kuwa na mwanasheria.

Tunazungumzia magonjwa gani?

Tunazungumzia magonjwa yasiyo ya kuambukiza ambayo mtu akishayapata huishi nayo: shinikizo la damu, kisukari, magonjwa ya moyo, kiharusi, saratani, magonjwa ya muda mrefu ya mapafu, na ini kusinyaa. Zamani tulizoea kuyaita magonjwa ya matajiri. Sivyo ilivyo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliopima watu wazima wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kuwa karibu watu 26 kati ya 100 walikuwa na shinikizo la damu. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, magonjwa haya husababisha takriban theluthi moja ya vifo nchini mwetu. Serikali yenyewe ilizindua mpango wa taifa wa kuyakabili mwaka 2019.

Ugumu wa magonjwa haya ni kwamba hayaponi kwa dozi moja. Mgonjwa wa malaria humeza dawa siku tatu, kisha hurudi shambani. Mgonjwa wa presha humeza dawa maisha yake yote, na akiacha kwa sababu nauli imekosekana, siku moja huanguka kwa kiharusi. Figo zikishindwa, husafishwa damu kwa kawaida mara tatu kila wiki, na kwa mtu wa Chifunfu au kisiwa cha Kome, hiyo ina maana ya kuhamia Mwanza mjini karibu na Bugando. Familia huuza ng'ombe, kisha mtumbwi, kisha kiwanja. Kamati zetu zinajua hayo kuliko sisi, maana ndizo zinazopokea maombi ya msaada.

Hakuna usharika, wala dayosisi, wala mfadhili atakayeweza kununua dawa za kutosha ikiwa idadi ya wagonjwa wapya inazidi kupanda kila mwaka. Hapo ndipo suala la kinga linapoanza.

Kwa nini mahubiri na semina peke yake havitoshi?

Kwa miaka mingi kazi yetu ya kinga imekuwa uhamasishaji: semina, mabango, vipindi baada ya ibada. Tunawaambia watu wasivute sigara, wapunguze pombe, chumvi na mafuta. Kazi hiyo ni njema na tutaendelea nayo. Lakini ina mpaka, na watu wa ziwani wanaufahamu mpaka huo vizuri kupitia uvuvi.

Tuseme mvuvi mmoja wa Busisi ameguswa moyo, akaacha kuvua kwa kokoro. Anafanya vema. Lakini jirani zake wanaendelea na kokoro, nyavu za timba na sumu. Samaki wadogo wanakwisha vilevile, na yule mwaminifu anarudi nyumbani na ndoo tupu. Ndiyo maana kuna Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake, zinazokataza zana haramu na kuvua sangara walio chini ya sentimita 50. Ndiyo maana kuna vikundi vya usimamizi wa mialo, yaani BMU. Hakuna mvuvi anayesema tuwaachie watu wavue wapendavyo ili mradi wamehudhuria semina. Tunajua kwamba kitu kinachomgusa kila mmoja kinahitaji kanuni inayomgusa kila mmoja.

Afya iko hivyo hivyo. Kijana wa kipaimara anaweza kufundishwa ubaya wa sigara Jumamosi asubuhi. Akitoka nje ya geti anakuta meza yenye sigara za kuuza moja moja, kwa bei anayoimudu, na muuzaji ambaye haulizi umri. Somo letu limechukua saa moja, na meza ile ipo pale siku saba kwa juma.

Jambo hili si geni katika Maandiko. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari yake, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Agizo halikuishia kuwaambia watu wawe waangalifu wakiwa juu ya dari. Lilimpa wajibu mwenye nyumba. Sheria ya afya ni ukingo wa namna hiyo.

Serikali huzuia magonjwa kwa njia zipi?

Kwa ufupi, tunaweza kuzigawa njia hizo katika makundi matano.

Ya kwanza ni bei. Serikali huongeza ushuru wa bidhaa kwenye sigara, pombe au vinywaji vyenye sukari nyingi. Bei ikipanda, wanaopunguza kwanza ni vijana na watu wa kipato kidogo, ambao ndio tunaotaka wasianze kabisa. Ushuru una faida nyingine, kwamba huleta mapato. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imetaja sehemu ya ushuru wa bidhaa kama vile vinywaji vyenye kaboni na pombe kuwa miongoni mwa vyanzo vya fedha za kuwasaidia wasiojiweza.

Ya pili ni upatikanaji: nani anaruhusiwa kuuza, saa ngapi, wapi, kwa nani, na katika kifungashio cha ukubwa gani. Leseni za vilabu vya pombe na umri wa miaka 18 viko katika kundi hili.

Ya tatu ni kilichomo ndani ya bidhaa. Hapa mlaji hahitaji kubadili tabia yoyote. Mfano ulio karibu ni chumvi. Tangu miaka ya 1990 kanuni zinataka chumvi ya kula iwekwe madini joto. Rovu, ambalo lilikuwa jambo la kawaida katika maeneo mengi ya nyanda za juu, limepungua sana, na mama anayetia chumvi kwenye mboga hahitaji hata kujua kwamba anamkinga mtoto. Mfano mwingine ni petroli. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwezi Juni 2001 kuachana na petroli yenye madini ya risasi, na kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006 zilikuwa zimeacha. Risasi huharibu ubongo wa mtoto na huongeza shinikizo la damu kwa watu wazima. Hakuna dereva aliyefanyiwa semina. Mafuta yalibadilishwa kwenye chanzo, basi.

Ya nne ni taarifa: maonyo kwenye pakiti, maelezo ya kilichomo, na kuzuia matangazo yanayoonyesha kwamba mvutaji au mnywaji ndiye mtu aliyefanikiwa maishani.

Ya tano ni mazingira: maeneo yasiyoruhusiwa kuvuta sigara, usalama wa sehemu za kazi, na hewa safi.

Mfano wa kwanza: viroba

Wengi wetu tunakumbuka viroba, vile vipakiti vidogo vya plastiki vya pombe kali. Viliuzwa kwenye vibanda, stendi za mabasi, mialoni, hata jirani na shule. Viliingia mfuko wa shati na wa sare ya shule. Dereva wa bodaboda aliweza kunywa kimoja kati ya abiria na abiria bila mtu kuona. Tukumbuke kwamba pombe haileti ajali na ugomvi tu. Kwa miaka inaharibu ini, inapandisha presha, na inaongeza hatari ya saratani za kinywa, koo na umio.

Semina dhidi ya viroba zilifanyika nyingi, za makanisa, misikiti na shule. Viroba viliendelea. Mwezi Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Machi 2017 kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia pombe iliyofungashwa kwenye viroba ni marufuku. Ofisi ya Makamu wa Rais iliyosimamia mazingira, chini ya Waziri January Makamba, ndiyo iliyotoa kanuni. Wasomaji wazingatie jambo hili: sheria iliyotumika ilikuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kwa sababu kifungashio chenyewe kilikuwa plastiki inayochafua mitaa na mifereji. Sheria ya mazingira ilifanya kazi ya afya. Anayetafuta kinga ya magonjwa asiangalie Wizara ya Afya peke yake.

Kilibadilika nini? Pombe kali haikuisha, ilihamia kwenye chupa. Lakini chupa ni ghali kuliko kiroba, haifichiki kirahisi, na mtoto mwenye fedha ya daftari haimudu. Ule urahisi wa kununua kidogo kidogo, popote, saa yoyote, ulivunjwa. Uganda nayo ilipiga marufuku vipakiti hivyo mwaka 2019, na hilo lina maana kwetu, kwa kuwa ziwa ni moja na mitumbwi haisimami kila mpakani.

Lakini katazo lile lina mafunzo mawili magumu. La kwanza, muda uliotolewa kati ya tangazo na utekelezaji ulikuwa mfupi mno, ni majuma mawili hivi. Wenye vibanda wadogo walibaki na mzigo walioununua kwa mkopo. Katika sharika zetu wamo akina mama waliopata hasara hiyo, na baadhi yao walituambia kwamba kanisa lilishangilia katazo bila kuwauliza watakula nini. La pili, gongo lilibaki. Sheria ya mwaka 1966 inakataza kutengeneza gongo bila leseni, na gongo linachemshwa hadi leo. Mtu aliyekosa kiroba angeweza kugeukia kitu kibaya zaidi, kisichopimwa na yeyote. Hivyo katazo moja halitoshi ikiwa mlango wa pili uko wazi.

Mfano wa pili: tumbaku

Kwa upande wa tumbaku, nchi yetu ina Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003. Pamoja na mambo mengine, inakataza kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18 na inaweka maeneo ya umma ambamo kuvuta hakuruhusiwi. Mwaka 2007 Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, uliokuwa umeanza kutumika duniani tarehe 27 Februari 2005. Mwaka 2021 jukumu la kudhibiti bidhaa za tumbaku lilikabidhiwa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yaani TMDA, ambayo ina ofisi ya kanda jijini Mwanza.

Mkataba ule unazitaka nchi kupandisha ushuru, kuwalinda watu dhidi ya moshi wa wengine, kuweka maonyo yanayochukua angalau asilimia 30 ya uso wa pakiti, na kuzuia matangazo. Unazitaka pia zijitahidi kukomesha uuzaji wa sigara moja moja, maana hiyo ndiyo njia ambayo watoto huanzia. Vilevile unazitaka serikali zilinde sera zake zisiingiliwe na maslahi ya kampuni za tumbaku.

Kipengele hiki cha mwisho kina uzito kwetu. Tumbaku ni zao la biashara Tabora, Urambo na Kahama, na familia nyingi za Kikristo zinasomesha watoto kwa zao hilo. Serikali hupata fedha za kigeni na ushuru. Kwa hiyo serikali hiyo hiyo inayotakiwa kudhibiti inanufaika na kinachodhibitiwa. Hatusemi hivyo kuilaumu. Tunasema ili kamati zielewe kwa nini sheria ya mwaka 2003 haikujitekeleza yenyewe, na kwa nini inahitaji watu wa chini wanaoikumbusha.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta karibu watu wazima 9 kati ya 100 wanatumia tumbaku, wakiwemo takriban 15 kati ya 100 kwa wanaume na 3 kwa wanawake. Hizo ni habari za matumaini. Wengi bado hawajaanza, na kazi yetu ni kuhakikisha hawaanzi. Tusisahau ugoro pia. Wazee wetu wengi huuona kama kitu kisicho na madhara kwa vile hauna moshi, lakini tumbaku isiyo na moshi nayo husababisha saratani ya kinywa.

Tujifunze nini kwa wengine?

Mauritius, kisiwa kilicho katika Bahari ya Hindi, iliona magonjwa ya moyo na kisukari yakipanda. Mwaka 1987 serikali yake, pamoja na kuelimisha wananchi, ilibadilisha mafuta ya kupikia yaliyouzwa kwa bei ya ruzuku. Yalikuwa zaidi ya mawese, yakafanywa kuwa ya soya. Baada ya miaka mitano wastani wa lehemu katika damu za watu wazima ulishuka kutoka 5.5 hadi 4.7 kwa kipimo kinachotumika hospitali, na watafiti walieleza kuwa sehemu kubwa ya punguzo hilo ilitokana na mabadiliko ya mafuta. Akina mama waliendelea kupika kama walivyozoea.

Afrika Kusini ilitunga kanuni mwaka 2013, zilizoanza kutumika Juni 2016, za kuweka kikomo cha chumvi katika mkate na vyakula vingine vya viwandani. Je, sisi tuige? Hapa tunahitaji busara. Kule watu wengi hupata chumvi yao kwenye mkate. Kwetu Sengerema chumvi nyingi hutoka kwenye kijiko cha nyumbani, kwenye kayabo, na kwenye kile kichupa cha chumvi kilicho juu ya meza ya mama ntilie. Kanuni ya viwanda peke yake isingegusa sufuria zetu kwa kiasi hicho. Lakini mikate, biskuti na vyakula vya pakiti vinaongezeka madukani, na tangu Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, malori hayasubiri tena kivuko. Tunamshukuru Mungu kwa daraja, limeokoa maisha ya wagonjwa waliokuwa wakikwama usiku. Hata hivyo barabara inayoleta dawa haraka ndiyo inayoleta soda na sigara haraka. Kanuni ziwekwe kabla mazoea hayajaota mizizi.

Hoja za wanaopinga

Tungekuwa hatutendi haki tukizipita hoja za wanaopinga, maana wengine wamo katika kamati zetu.

Wapo wanaosema kuwa mwili ni wa mtu, na uhuru wa kuchagua ni kipawa cha Mungu. Ni kweli. Lakini aliyeanza sigara akiwa na miaka 14 alichagua kwa kiasi gani? Na gharama ya kiharusi hulipwa na mke, na watoto wanaoacha shule, na usharika unaochangishwa. Sheria nyingi tunazozungumzia hazimkamati mvutaji. Zinamhusu mtengenezaji na muuzaji.

Wapo wanaosema kuwa sheria huwaumiza maskini. Hoja hii tunaiheshimu zaidi. Ushuru huchukua sehemu kubwa ya mfuko wa maskini kuliko wa tajiri, na askari mgambo humkamata mama mwenye ndoo ya pombe ya kienyeji kabla hajamgusa mwenye ghala. Jibu letu ni kwamba ugonjwa nao huwaumiza maskini kwanza, na hauwapi muda wa kujiandaa. Hata hivyo, kila tunapounga mkono kanuni, tudai mambo mawili: muda wa kutosha wa kumaliza mzigo, na njia nyingine ya kipato. Vikundi vya VICOBA vya Umoja wa Wanawake vinaweza kutoa kipaumbele kwa wale wanaoacha biashara ya gongo au sigara. Bila hivyo tunamtwisha mjane mzigo ambao sisi wenyewe hatuugusi kwa kidole.

Wapo pia wanaosema kuwa sheria zipo lakini hazitekelezwi. Mara nyingi ni kweli. Afisa afya mmoja hawezi kuzunguka kata nzima kwa miguu, na wapo wanaofumbiwa macho kwa kitu kidogo. Hii ndiyo sababu hasa ya kamati ya usharika kuhusika. Sheria isiyokuwa na mtu anayeuliza hulala kabatini.

Kamati ya usharika ifanye nini?

Tunapendekeza hatua zifuatazo, zisizohitaji bajeti kubwa.

Kwanza, tuanze nyumbani mwa Bwana. Kiwanja cha kanisa, shule na zahanati zetu viwe mahali pasipovutwa sigara, na bango liwepo. Vibanda vilivyopangishwa katika eneo la usharika visiuze sigara wala pombe, na jambo hilo liandikwe katika mkataba wa pango. Wazee wa kanisa waamue kwa uwazi kuhusu pombe katika ukumbi wa usharika wakati wa harusi. Hatuwezi kumwambia mwenyekiti wa kijiji asimamie kile ambacho sisi tumeshindwa.

Pili, tusipokee udhamini wa kampuni za sigara au pombe kwa ajili ya mashindano ya kwaya, michezo ya vijana au harambee. Fulana na mpira wa bure vina bei yake.

Tatu, tutumie sheria ndogo. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo. Rasimu hupelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji ili wananchi watoe maoni, kisha huidhinishwa na halmashauri ya wilaya, iwe Sengerema au Buchosa. Kijiji kinaweza kupanga umbali wa klabu cha pombe kutoka shule, saa za kufungua na kufunga, na kukataza sigara kuuzwa jirani na shule. Wajumbe wetu ni wananchi wa vijiji hivyo. Wahudhurie mkutano mkuu, waongee kwa adabu, na waalike ndugu zetu Wakatoliki, Waadventista na Waislamu, kwa kuwa jambo hili halina dhehebu.

Nne, tufuatilie. Kila robo mwaka wajumbe wawili wamtembelee mtendaji wa kijiji na afisa afya wa kata wakiwa na maswali machache yaliyoandikwa: leseni za vilabu zinakaguliwa lini? Je, kuna muuzaji aliyeonywa kwa kuwauzia watoto? Maji na vyoo vya mwaloni vikoje? Waende kama wasaidizi, wasiende kama polisi. Jina la mtu lisitangazwe kanisani.

Tano, tuendelee kupima. Sheria haimtibu aliyekwisha kuugua. Upimaji wa presha baada ya ibada na ufuatiliaji wa wanaotumia dawa ubaki palepale katika mipango ya mwaka.

Neno kwa wabia wetu

Ndugu zetu mnaotuchangia, tunajua ni rahisi zaidi kuleta picha ya sanduku la dawa kuliko picha ya mkutano wa kijiji. Kazi hii haina jengo la kuzindua wala bamba lenye jina la mfadhili. Matokeo yake ni mtu ambaye hakuugua, na mtu wa namna hiyo hajulikani na hafiki ofisini kushukuru. Nchi zenu wenyewe zilipita njia hii. Zilichukua miaka mingi tangu ilipojulikana kuwa sigara inaua hadi moshi ulipoondolewa maofisini na kwenye mabasi, na kucheleweshwa huko kuligharimu watu wengi. Sisi tunaomba tusisubiri muda mrefu kiasi hicho.

Hatuombi fedha za dawa zihamishwe. Tunaomba sehemu ndogo ya bajeti ya afya, kwa nauli za wajumbe kwenda halmashauri, nakala za sheria kwa Kiswahili chepesi, na semina za viongozi wa vijiji, ihesabiwe kuwa ni kinga halali kama chanjo. Na mtudai taarifa: vijiji vingapi vimetunga sheria ndogo, ngapi zimeidhinishwa, na ngapi zinafuatwa kweli. Mkituuliza juu ya ile ya tatu mtatusaidia zaidi, maana ndiyo ngumu.

Kwa kamati zote, tunaomba suala hili liingizwe katika ajenda ya kikao kijacho, na majibu ya swali moja yatufikie kupitia ofisi ya jimbo: katika mtaa wenu, mtoto wa miaka 12 akitumwa kununua sigara leo, atauziwa? Tuma jibu lenu hata kama ni la aibu. Tukishajua ni mitaa mingapi ambako atauziwa, tutajua pa kuanzia.